Panzi Akisema "Wangu"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Mwenye kazi ya mikono aendelee nayo. Ashone, amenye, apige pasi. Redio haina wivu.

Leo tunamkumbuka Panzi. Panzi alikuwa beki wa kati. Panzi alikuwa pia fundi wa vioo. Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: beki wa kati, na fundi wa vioo. Ametutoka, na mwaka umeshapita.

Wengi wenu mnamkumbuka akiwa hewani. Mkewe anamkumbuka akiwa chini, kwenye kiti cha plastiki uani, akitazama juu. Leo tutamtazama kwa macho ya mkewe, maana mama huyu alibaki na swali moja, na swali lenyewe halikuwa la mpira. Alitaka kujua yule mwanamume aliyeishi naye miaka ya mwisho alikuwa nani. Alikuwa mumewe, au alikuwa ugonjwa uliovaa shati la mumewe?

Twende taratibu.

Panzi alikuwa mfupi. Najua hamtaniamini, lakini muulizeni mtu yeyote aliyewahi kupanga naye foleni. Ungempita bila kumwona. Ila mpira ukipigwa juu, yule mfupi alipaa. Wenzake wanaruka, wanashuka, yeye bado yuko kule, kana kwamba aliyempandisha amemsahau. Ndipo alipopata jina la Panzi. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wakimwona anazozana na mshambuliaji wao, wanapiga kelele, "Vita vya panzi, furaha ya kunguru!" Yeye anacheka tu. Kona inayofuata, anaupiga mpira kichwa, na kunguru wote kimya.

Mkewe ni fundi cherehani. Wakati huo alikuwa msichana, ana chumba kidogo cha kushonea kinachotazama uwanja, chenye dirisha moja. Siku hiyo alikuwa anatia pindo kwenye pazia jeupe. Anasema hakusikia kishindo chochote. Aliona tu mpira unaingia, bila haraka, na nyuma yake vipande vya kioo vinakuja viking'aa, vinatua juu ya kile kitambaa cheupe kimoja kimoja. Hata leo akifumba macho anauona mpira ule, bado unakuja. Halafu pale kioo kilipokuwa akatokea mwanamume mfupi mwenye tope kwenye paji la uso.

"Samahani, dada. Ni kichwa changu hicho."

"Kichwa chako kimeingia, mwenyewe umebaki nje?"

Kesho yake alirudi. Amekifunga kioo kipya kwa gunia, kalamu ya kukatia vioo iko nyuma ya sikio. Akapima, akakata, akabandika, akafuta alama za vidole kwa mkono wa shati lake. "Kichwa kimeharibu," akasema, "mikono imekuja kutengeneza."

"Na kikiharibu tena?"

"Kikiharibu tena nitakuwa naishi humu humu. Nitatengeneza kabla hujaamka."

Dada wa watu akacheka mpaka uzi ukakatika. Ndoa haikuchelewa. Na tangu hapo, mtu akijenga nyumba mtaani kwao alikuwa hana pa kukwepea. Mume anaweka vioo, mke anavifunika kwa mapazia.

Wasikilizaji wapendwa, nataka msikie jinsi Panzi alivyokuwa akifanya mazoezi. Kocha wao alitundika mpira kwa kamba kwenye boriti ya ghala la timu. Wengine wakienda kuoga, Panzi anabaki. Anaruka, anagonga, anashuka. Anaruka, anagonga, anashuka. Ghala lilikuwa jirani na chumba cha cherehani, na mkewe alikuwa akiusikia mdundo ule ukutani. Polepole mguu wake ukazoea kukanyaga cherehani kwa mdundo huo huo. Anasema alishona magauni ya maharusi wengi kwa mdundo wa kichwa cha mumewe. Zamani hizo alikuwa akilisema hilo kwa majivuno.

Na mipira yenyewe ilikuwa ya ngozi. Mvua ikinyesha, ngozi inakunywa maji. Kipa wa timu ile yupo hai, ni mzee sasa, ana magoti mabovu na ulimi mzima. Aliniambia hivi: "Ule mpira ukiloa, ndugu mtangazaji, ulikuwa hauji. Ulikuwa unaanguka."

Halafu kuna neno. Mpira ukiwa juu, beki lazima aite, ili wenzake wajue nani anauendea. Asipoita, wawili watagongana na goli litafungwa. Panzi alikuwa akiita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Wangu!" Basi. Neno moja. Wenzake wanampisha, yeye anapaa.

Na nyumbani? Nyumbani alimwita mkewe kwa neno hilo hilo. Hakuongeza "mke", hakuongeza "mpenzi". "Wangu, chai ipo?" "Wangu, umeiona tepu yangu ya kupimia?" Lugha yetu ni karimu, wasikilizaji. Mpira ni wangu, na mke ni wangu. Wala mkewe hakuwahi kuona tatizo. Neno lilimtosha.

Tufike kwenye lile goli. Mnalijua. Fainali, mvua inanyesha, mpira umejaa maji. Kona inapigwa. Panzi ametoka nyuma, amepanda. Beki wa upande wa pili naye amepanda. Vichwa viwili na mpira mmoja. Mpira ukaingia golini, Panzi akaanguka kifudifudi kwenye tope, akalala. Wakammwagia maji usoni. Akafumbua macho, akaketi, akauliza, "Tumeshaanza?"

Uwanja mzima ukacheka. Tulicheka, tukapiga makofi. Alirudi mchezoni, akamaliza mechi, akabebwa mabegani. Kwa miaka mingi watu walimsimamisha njiani kumsimulia goli lake mwenyewe, naye anatabasamu, anaitikia. Mpaka alasiri moja, wamekaa wanakunja mapazia ya mteja, yeye kashika ncha huku, mkewe kashika ncha kule, akasema:

"Wangu, lile goli mimi silijui."

"Hulijui vipi?"

"Silikumbuki. Nalisikia kwa watu tu. Mimi ni shabiki wake kama wao."

Mkewe akacheka, akamrushia ncha ya pazia usoni. Aliona ni mizaha yake. Leo akilisimulia hilo hacheki.

Panzi akastaafu soka, akabaki na vioo. Na alikuwa fundi, si mchezo. Alikuwa mpole kwa vioo kuliko watu wengi walivyo wapole kwa watoto. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akakiinamisha kioo, akakitazama ubavuni kutafuta dosari. Akijigonga mlango, aliuomba mlango radhi. Binti yao mkubwa anasema utotoni aliamini kabisa kwamba milango inasikia. Huyo ndiye Panzi wa kwanza. Mshikeni vizuri huyo.

Mwenye saluni mmoja aliagiza kioo cha ukuta mzima. Panzi akapima. Akakata. Kikawa kifupi. Akasema kipimo kimemdanganya. Akakata kingine, nacho kikawa kifupi. Cha tatu alikikata kwa kipimo cha dirisha ambalo hakuna mtu aliyelijua, kidogo, cha mraba, akakikabidhi kwa furaha kabisa. Mwenye saluni akamvuta mkewe pembeni. "Mama, mzee kanywa?" Panzi hakuwa mtu wa pombe hata kidogo.

Kisha ikaja hasira. Hasira mtu anaweza kuielewa ikiwa na sababu, lakini hii ilikuja mikono mitupu. Chai ya moto, sahani inaruka ukutani. Kalamu yake ya vioo haionekani, basi mkewe ameiba. Akaanza kumwita mkewe kwa jina moja la matusi ambalo mama huyu hajaniambia, nami sikumuuliza. Asubuhi hamjui jirani, jioni anamkaribisha jirani yule yule akae, ampe habari za mechi iliyochezwa zamani zile.

Watu walikuwa na majibu tele. "Uzee huo." "Tabia haina dawa." Mdogo wake Panzi, mtu mwema, mwenye duka la rangi, alimwambia shemeji yake, "Kaka ana kichwa kigumu tangu utotoni. Mzoee tu." Na mkewe, wasikilizaji wapendwa, naye akaamini. Akajiambia: kumbe ndivyo alivyo. Kumbe upole wote ule ulikuwa wa kujikaza, na sasa amechoka kujikaza. Anasema wazo hilo lilimuuma kuliko lile jina.

Siku moja Panzi alimsukuma mlangoni. Mama akaangukia meza ya cherehani, mkono ukavimba. Hakupiga kelele. Alifungua skurubu, akabeba kichwa cha cherehani, akaiacha meza na kila kitu kingine, akaenda kukaa kwa binti yake.

Kule alishona kwenye meza ya kulia chakula. Alikuwa akilala anaota ndoto moja tu. Panzi anaruka, anapaa, halafu hashuki. Uwanja unangoja. Refa ametia filimbi mdomoni, anangoja. Watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja, viti vinabaki vitupu, na yeye bado yuko juu, nyayo za viatu vyake zinaonekana. Mama anaamka na shingo inamuuma kwa kutazama juu.

Binti ndiye aliyemletea habari. Baba anasimama getini kutwa nzima, anawauliza wapita njia kama wamemwona fundi cherehani. Mama akasikiliza, akamaliza pindo alilokuwa nalo, akafungasha. Alipoingia getini Panzi akamtazama na kile kichwa cha cherehani mikononi, akasema, "Umechelewa, wangu," kana kwamba mkewe alikuwa ametoka kununua nyuzi.

Tangu hapo Panzi akahamia uani. Kiti cha plastiki, kofia, uso juu. Na mara kwa mara anaita. "Wangu!" Mama anaacha kushona, anakwenda mbio. Akifika, Panzi hamtazami. Anarudi kazini. Hajatia hata uzi, "Wangu!" Anakwenda tena. Alikuwa anachoka, lakini anasema alikuwa anafurahi kichinichini. Katika kusahau kote kule, angalau alikuwa hajasahaulika yeye.

Yule kipa mwenye magoti mabovu akaja kuwatembelea. Akakaa, akaona mama anavyokwenda na kurudi, akaona Panzi anavyoinua kidevu. Kipa akaanza kucheka, kisha kicheko kikaharibika njiani.

"Shemeji," akasema, "pumzika. Hakuiti wewe. Anaita mpira."

Mama akasimama na sindano mkononi. "Nini?"

"Anaita mpira, shemeji. Mtazame shingo."

Mama alicheka pia, itakuwaje asicheke. "Kumbe siku zote naitikia jina la mpira! Mwanamke mzima!" Walicheka mpaka Panzi naye akacheka bila kujua cha kuchekea. Lakini kipa alipoondoka mama alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akalia kwa aibu, kama msichana aliyepungia mkono mtu asiye wake. Basi hata lile neno halikuwa lake tena.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nikilifikiria moyo hunitulia. Alasiri ya siku iliyofuata Panzi alipoita, alikwenda. Hakumuuliza anataka nini. Alisimama kando ya kiti, naye akatazama juu. Mapazia ya mteja yalikuwa yamening'inia kwenye kamba, yanapumua kwa upepo. Juu yake palikuwa na anga tu.

"Unauona?" Panzi akauliza.

"Nauona."

"Unakuja huo."

"Upige basi."

Panzi akainua kidevu kidogo tu. Hakuita tena. Akatulia alasiri nzima, mkono wake umeshika pindo la gauni la mkewe. Ikawa ndiyo dawa yao. Majirani walikuwa wakichungulia juu ya ukuta, wanawaona wazee wawili wanaangalia juu ambako hakuna kitu.

Binti akampeleka baba hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu, anaongea bila kuficha na bila kutisha. Mdogo wake Panzi alikuwepo, mama alikuwepo. Daktari akaeleza hivi, nami nawarudishia kwa uangalifu. Ubongo ni laini, na umekaa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa, ubongo unatikisika. Pigo kubwa la kumzimisha mtu linajulikana ni hatari. Mapigo madogo madogo, mengi, ya miaka mingi, hayo ndiyo wataalamu bado wanayachunguza. Wapo watafiti waliokuta wachezaji wa zamani wanaugua maradhi ya kusahau kuliko watu wengine. Lakini si wote wanaougua. Wengi wanazeeka salama.

"Na huyu wangu?" mama akauliza. "Ni kichwa, ni uzee, au ni tabia?"

"Siwezi kukujibu akiwa hai, mama. Kuna ugonjwa ambao kwa sasa tunauthibitisha kwa kuusoma ubongo wenyewe, mtu akishafariki." Kisha akamgeukia Panzi, akasogeza kiti, akasema kwa heshima. "Mzee. Siku ukiondoka, utaturuhusu tuusome ubongo wako?"

Panzi alikuwa anasinzia. Akafumbua macho. Akainua kidevu, akainua mkono, na chumba kizima kikaisikia.

"Wangu!"

Mdogo wake akajipiga paja. "Umesikia, daktari? Ubongo ni wake. Kasema mwenyewe." Daktari akaitikia, akabadilisha mazungumzo. Kwa lugha yetu, wasikilizaji, ubongo nao ni wangu.

Panzi alifariki alasiri moja tulivu, kitini, baada ya chai. Kofia haikuanguka. Mwili ulipelekwa hospitali, na daktari yule akaja nyumbani kuwaona wafiwa. Hakuwasukuma. Aliwaambia tu kwamba kama wanataka kumjibu mama swali lake, wasikawie, ubongo haungoji.

Hapo ndugu wakagawanyika. Mdogo wake Panzi alisimama katikati ya sebule, macho mekundu. Huyu ndiye aliyekuwa akimbebea kaka yake viatu vya mpira kwenda uwanjani alipokuwa mtoto. "Kaka yangu hazikwi pungufu," akasema. "Aliulizwa akiwa hai, akajibu. Wangu. Kuna neno gani lililo wazi zaidi ya hilo? Shemeji, leo tumnyang'anye kwa sababu hawezi tena kusema?"

Mama alikuwa ameketi mkekani. Alilitaka jibu kuliko kitu chochote. Alitaka kujua kama aliishi na mumewe au na mtu mwingine, maana asipojua leo hatajua tena. Lakini hakutaka kulipata kwa kulikanyaga neno la mwisho la mumewe lenye maana. Kama "wangu" ilikuwa "msiguse", basi hataguswa, na yeye atakufa na swali lake. Akaizungusha pete kidoleni. Halafu akainua macho, akamtafuta kipa.

"Wewe ulisimama nyuma yake," akamwambia. "Niambie. Panzi akisema wangu, alikuwa anasema nini?"

Kipa akajiinua kwa shida, akashika ukuta.

"Shemeji, nimelisikia neno hilo kuliko jina langu. Panzi hakuwahi hata siku moja kusema wangu ili abaki nao. Mpira ukiwa mbaya, umejaa maji, kila mtu anauogopa, ndipo anaita. Maana yake tupishe. Maana yake msiumie nyie, naumia mimi. Na akishaufikia anafanya nini? Anautoa. Hakuna beki duniani anayeita wangu ili aondoke nao nyumbani."

Mtoto wa mtu alikuwa anachezea kijiko jikoni, akaacha.

Mama akamgeukia shemeji yake, akasema kwa upole, "Baba mdogo, wewe ulimwona akicheza. Anasema kweli au anatupamba?"

Mdogo wake Panzi akaketi. Akafuta uso kwa kiganja. "Anasema kweli," akasema. "Basi tumpishe."

Mama akatia sahihi. Panzi akazikwa kwa heshima zote, na mdogo wake ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa.

Miezi ikapita. Daktari akawaita. Mama alikwenda na binti yake na baba mdogo, wakakaa kwenye viti vitatu vilivyopangwa mstari. Daktari akasema alama zimeonekana. Ni ugonjwa ule ule wa watu waliogongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Narudia kwa uwazi: kwa Panzi, ugonjwa ulikutwa. "Lakini sitakudanganya, mama," daktari akasema. "Siwezi kukuonyesha alama hii ni ya mpira na ile ni ya kugongana na mtu. Aligonga mipira, aligonga vichwa vya watu, alianguka. Vyote vilipita humo. Ninachojua ni kwamba ulianza kitambo, kabla hamjauona. Na uliharibu sana sehemu za mbele, zile zinazomsaidia mtu kujizuia."

"Kujizuia nini?"

"Hasira. Maneno. Mikono."

"Kwa hiyo aliponisukuma…"

"Breki zilikuwa zimekwisha, mama. Dereva alikuwa yule yule."

Binti anasema mama hakulia mle ndani. Alishukuru, akashuka ngazi, akafika kwenye maegesho ya magari, akashika ukuta wa watu. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani. "Hakunitukana," alikuwa akisema. "Mume wangu hakunitukana." Shemeji yake alisimama kando, amebeba mkoba wake, anaangalia pembeni.

Sasa nisieleweke vibaya, wasikilizaji wapendwa. Sisemi mpira ni adui. Mimi mwenyewe Jumamosi hamnipati nyumbani. Wala sisemi kila aliyepiga kichwa ataishia kama Panzi. Nasema tusiwe wavivu wa kuuliza. Binti wa Panzi ni mwalimu wa michezo. Watoto wake wadogo hawafundishwi kupiga kichwa kabisa; wakubwa wanafundishwa kidogo, kwa mpira mwepesi. Mtoto akigongwa kichwa anatoka nje na harudi mchezoni siku hiyo, hata akilia, hata kama ni fainali. Mzazi mmoja alimjia juu: "Mwalimu, mpira bila kichwa si ni chai bila sukari?" Binti akamjibu, "Sukari ndiyo iliyowalaza wengi wodini, baba." Mzazi bado anaguna, lakini mtoto bado anamleta.

Niliketi na mama wiki hii, chumbani kwake, cherehani imerudi juu ya meza yake. Nilimuuliza angependa niwaambieni nini. Nilidhani ataniambia niwasimulie lile goli. Alifikiri, akakata uzi kwa meno, akasema:

"Mwaka mzima watu wananipa pole ya kifo. Nashukuru. Lakini kifo kilikuwa siku moja, mwanangu, na nyumba ilijaa watu. Ile miaka ya kabla yake, alipokuwa ananifokea na mimi nadhani hanipendi, hakuna aliyebisha hodi. Walidhani ni ugomvi wa mke na mume. Hiyo ndiyo sijapewa pole yake."

Wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwa jirani yako yupo mzee aliyebadilika ghafla, na mama anayefunga madirisha ili sauti zisitoke. Usiseme tabia haina dawa. Bisha hodi. Waulize kama wamekwenda hospitali. Kaa nao japo kidogo.

Kwa familia ya Panzi, kwa binti, kwa baba mdogo, kwa kipa na wote waliocheza naye, poleni sana kwa kumpoteza. Mungu amweke pema.

Na wewe, mama, najua redio yako iko wazi. Pole ya kifo ulishapewa. Hii ni nyingine, tumeichelewesha sana. Pole kwa ile miaka.